UZI: Herufi 柳 (mwerebi), na kwa nini Wachina wa kale walimvunjia msafiri tawi lake

Mkalimani_Mchovu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahidi kwenye ule mwingine wa watu wanaojifunza Kichina, nikasema nitashusha herufi moja tu lakini nitaishusha mpaka mwisho. Herufi yenyewe ni hii: 柳. Inasomwa *liu* kwa toni ya tatu, ile ya sauti kushuka alafu inapanda. Mistari 9 kuiandika.

Nilivyokutana nayo sasa. Nilikuwa Xi'an nasoma lugha, mwezi wa nne ukaingia, nikaona hewani vinaruka vitu vyeupe vyepesi kama mtu kapasua mto wa sufi juu ya ghorofa. Vinaingia puani, vinaingia kwenye chai, mimi napiga chafya kutwa. Nikamwendea laoshi wangu (mwalimu, mama wa makamo, mkali kidogo) nikamwambia mama mji wenu huu utaniua. Akacheka akasema hizo ni 柳絮, sufi ya mwerebi, na kuna binti mmoja alijipatia jina la kudumu kwa sababu ya hiyo hiyo sufi unayoilalamikia, kaa chini. Nikakaa. Ndo ikawa hivyo, nilienda na mafua nikatoka na fasihi.

Binti anaitwa Xie Daoyun, karne ya 4. Siku ya baridi theluji inaanguka, ba'mdogo wake Xie An, mtu mkubwa serikalini, kakaa na watoto wa ukoo anawafundisha, akauliza: hii theluji inavyomwagika inafanana na nini? Kijana mmoja akajibu, ni kama mtu anarusha chumvi hewani. Daoyun akasema, *wapi, bora useme sufi ya mwerebi imeinuliwa na upepo.* Mzee akacheka kwa furaha. Mpaka leo mwanamke mwenye kipaji cha kuandika Wachina wanamsifia kwa maneno yanayotokana na hilo jibu, 咏絮之才, kipaji cha kuimba sufi. Jibu moja la mtoto sebuleni, miaka 1,600 na kitu bado linafanya kazi.

Ukoo huo huo, kitabu hicho hicho kinachotusimulia (kinaitwa *Shishuo Xinyu*, ni mkusanyiko wa visa na porojo za wakubwa, kama ingekuwa leo ningesema ni umbea wa hadhi ya juu), Xie An siku nyingine akauliza watoto mstari gani ni mzuri kuliko yote kwenye *Shijing*, kile kitabu kikongwe cha mashairi. Mdogo wake Daoyun wa kiume, Xie Xuan, ambaye baadaye akawa jemadari, akachagua huu:

昔我往矣，楊柳依依。今我來思，雨雪霏霏。

Tafsiri yangu, mnisamehe: *Kale nilipoondoka, mierebi ilining'inia ikibembea, leo narejea, theluji yamwagika tele.*

Anayesema ni askari. Alienda vitani mpakani, amerudi na njaa na kiu, anatembea taratibu, na mwisho anasema moyo unamuuma na hakuna ajuaye huzuni yake. Mashairi ya kile kitabu ni ya kati ya karne ya 11 na ya 7 kabla ya Kristo. Na hapo kwenye 依依, hilo neno ni shida kutafsiri, ni tawi kulegea na kuyumba, lakini pia ni ile hali ya mtu kung'ang'ania, hataki kuachia. Kwa hiyo mti unabembea na mti unamshika shati, vyote kwa pamoja. Nadhani kila kilichokuja baadaye kuhusu hii herufi kimechipua hapo.

Natafuta chakula, narudi.

Ngosha_Mtulivu

Nimeweka kambi. Ila mkuu hilo neno mwerebi umelitoa wapi, mbona sijawahi lisikia mtaani

Bint wa Mkunazini

Nami nimekaa. Ungeweka na picha basi ya huo mti.

Mzee_wa_Ubeti

@Ngosha_Mtulivu ukifungua Biblia utalikuta, Walawi 23:40, "mierebi ya vijitoni". Mtaani halipo kwa sababu mti wenyewe haupo mtaani.

Mkalimani_Mchovu

Mzee katujibia. Jina ni la Kibiblia na ndo tulilonalo, na kwa kweli kwenye kingo za mito yetu huku Afrika Mashariki kuna ndugu yake wa mwituni, ila yule haning'inii kama wa Kichina. Wa Kichina matawi yake ni marefu membamba yanashuka mpaka yanagusa maji, kama nywele za mtu aliyeinama kuosha kichwa. Picha sina hapa simu hii mbovu.

Alafu kuna kichekesho. Huo mti unaoning'inia jina lake la kisayansi ni *Salix babylonica*, yaani mwerebi wa Babeli. Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, ndo kaupa, 1753, mana Ulaya waliamini ndo ile miti ya kwenye Zaburi ya 137 ambayo Waisraeli walitundikia vinubi vyao wakalia. Sasa mti ule asili yake ni China! Kule mto Frati miti iliyopo ni jamii ya popla. Kwa hiyo mti wa Kichina umebebeshwa jina la Iraki kwa makosa, na bado kosa limeangukia pale pale, kwenye watu walio mbali na kwao wanalia. Sijui niite nini hiyo.

Turudi kwenye herufi. Kushoto ni 木, mti. Hiyo ni rahisi, herufi nyingi za mimea ya miti zinabeba hiyo. Kulia ni 卯, hapo haiko kwa maana, iko kwa sauti. Yenyewe peke yake inasomwa *mao*, ni ile ya sungura kwenye miaka 12 ya wanyama, na zamani ilikuwa pia jina la kipande cha siku, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 1 asubuhi. (Wao wa kale waligawa mchana na usiku vipande 12. Nilivyojua hilo nikamwambia laoshi sisi tunahesabu saa tangu jua linachomoza, akaniambia *mna akili*. Nimeiweka moyoni.) Xu Shen, aliyeandika kamusi ya *Shuowen Jiezi* mwaka 100 hivi, yeye anaandika kuwa sehemu ile ya kulia sio 卯 hasa bali ni umbo jingine linalofanana nayo sana, 丣, lakini kwenye maandishi ya kawaida zimeshaungana zamani, tusigombane.

Kilichonishika ni hiki. Hicho kipande cha sauti kipo kwenye ukoo mzima wa maneno. Angalia:

留 ni *liu* toni ya pili, maana yake kubaki, au kumzuia mtu asiende. Ile ya juu ni 卯 iliyopindishwa, chini ni shamba.
劉 ni lile jina la ukoo la Liu, wafalme wa enzi ya Han, wenyewe walilichambua vipande vitatu, 卯 na dhahabu na kisu.
榴 ni komamanga.
瘤 ni uvimbe, jipu gumu mwilini.

Kwa hiyo mwerebi na "baki" havifanani kwa sauti tu kama bahati, hata kwenye karatasi ni ndugu wa tumbo moja. Ukimpa mtu 柳 umemnong'oneza 留. Usiende.

Kamwana254

Manze hii imenigonga. So mtu anasafiri na unampea kijiti kimeandikwa baki? Si hiyo ni kama kumpeleka mtu stage halafu unakalia bag yake

Bint wa Mkunazini

@Kamwana254 mbona sisi tunafanya hivyo hivyo, kanga inasema kwa niaba yako. Humwambii mtu kitu, unamfungia kanga yenye jina lake, akifika kwao akiifungua anasoma. Kwao tawi linasema.

Mkalimani_Mchovu

Bint umepiga mule mule. Ni kanga.

Mahali penyewe palikuwa daraja la Ba, mashariki mwa Chang'an, ndo Xi'an ya leo, na wilaya ile bado inaitwa Baqiao, "daraja la Ba". Maandishi ya zamani yanasema watu wa enzi ya Han walikuwa wanamsindikiza mgeni mpaka pale darajani, wanavunja tawi la mwerebi wanampa, wanaagana. Kufika enzi ya Tang (618 mpaka 907) imekuwa desturi ya kila mtu, na kila mshairi kaigusa. Kukawa na wimbo kabisa wa filimbi unaitwa *Kuvunja mwerebi*. Li Bai yuko Luoyang usiku wa machipuko, anasikia filimbi haijulikani nyumba ya nani, upepo umeisambaza mji mzima, anamaliza hivi: *usiku huu ndani ya wimbo nikasikia "Kuvunja mwerebi", nani asingekumbuka kwao?* Anataja jina la wimbo tu. Ni sawa na wewe uko ugenini unasikia dirishani kwa mtu unapigwa ule wimbo wa kwenu, hata maneno huhitaji.

Na Wang Wei ni fundi zaidi kwa sababu hata kuvunja hasemi. Anamuaga rafiki yake Yuan wa Pili anayetumwa Anxi, magharibi ya mbali huko, nje ya lango la mpakani la Yangguan:

*Mvua ya asubuhi Weicheng imelaza vumbi jepesi,*
*nyumba ya wageni i kijani, mierebi rangi yake mpya.*
*Nakusihi, maliza kikombe kimoja zaidi,*
*ukivuka Yangguan kwenda magharibi, hakuna mwenzio wa zamani.*

Mwerebi uko pale dirishani umeoga mvua, umetulia. Msomaji wa Kichina akiona 柳 kwenye mstari wa pili moyo umeshamlipuka, anajua hapa kuna mtu anaondoka, wakati huku kwetu ukitafsiri "mierebi rangi mpya" mtu anadhani ni hali ya hewa. Hapo ndo nilipoelewa kwa nini tafsiri za mashairi ya Kichina zinaonekana nyepesi nyepesi. Mzigo uko kwenye herufi na herufi imeachwa bandarini.

Mzee_wa_Ubeti

Naongeza neno. Sisi washairi wa bahari na mizani tunaiita hiyo fumbo, ila fumbo letu humficha mtu, lao naona linamficha mwenye kuumia. Swali: ni sauti tu? Miti mingapi ina sauti ya kufanana na neno zuri. Kwa nini huu?

Ngosha_Mtulivu

Mimi niliona video inasema kuna mfalme alikuwa na ukoo wa Yang akachimba mfereji mkubwa akapanda hii miti pembeni akaipa jina lake ndo ikaitwa yangliu, labda ndo umaarufu ulipotokea

Mkalimani_Mchovu

@Ngosha_Mtulivu huyo ni Yang wa Sui, Sui Yangdi, mfereji wa 605. Hadithi ni tamu lakini rudi juu kwenye ule mstari wa askari: 楊柳 imo! Zaidi ya miaka 1,000 kabla huyo mfalme hajazaliwa. Sifa za bure hizo. 楊 ni neno la mti la siku nyingi tu, siku hizi ni popla, zamani zilikuwa zinachanganywa na mwerebi, Xu Shen yeye anasema 柳 ni "yang mdogo".

@Mzee_wa_Ubeti swali lako walishajiuliza wenyewe. Mwandishi mmoja wa enzi ya Qing, Chu Renhuo, aliandika: hivi mtu anayesindikiza hakuna tawi jingine la kuvunja mpaka liwe la mwerebi? Akajibu, mtu akitoka kwao ni kama mti kung'olewa kwenye udongo, na mwerebi popote ukiuchomeka unashika, kwa hiyo unamwombea mwenzio naye ashike popote afikapo. Na ni kweli mti huu una hiyo tabia. Ni kama kijiti cha muhogo, hata ukikichomeka kichwa chini miguu juu unaweza kukuta kimechipua. Kuna methali yao: ulipanda ua kwa makusudi halikuchanua, ukachomeka mwerebi bila nia ukawa kivuli.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Sauti inasema *baki*. Tabia ya mti inasema *nenda, utashika huko huko*. Tawi moja. Mimi nilipofika hapo nilifunga daftari siku hiyo.

Bint wa Mkunazini

Mashaallah. Hii ya mwisho nimeisoma mara mbili.

Kamwana254

Na walikuwa wanaharibu miti yote basi, kila msafiri tawi 😂

Mkalimani_Mchovu

@Kamwana254 umecheka lakini ndo inapoelekea, mana 柳 ina upande mwingine ambao sio wa darajani.

Mti unaovunjwa na kila apitaye, unaoning'inia njiani, kiuno laini, majani membamba kama nyusi (nyusi za mwanamke mrembo ni 柳眉, nyusi za mwerebi)... mnaona tunakoenda. Kwenye Kichina cha kawaida mpaka leo "vichochoro vya maua na mierebi" ni mitaa ya madanguro, na "kutafuta maua kuulizia mierebi" ni mwanaume mhuni. Sasa kwenye mapango ya Dunhuang, jangwani, yalikutwa maandishi mengi yaliyofungiwa humo karne na karne, na ndani yake mna nyimbo za watu wa kawaida. Mojawapo anaongea mwanamke wa hizo nyumba:

*Usinidandie, kunidandia ni moyo kukosea. Mimi ni mwerebi wa ukingo wa bwawa la Qujiang, huyu kavunja, yule kavuta, mapenzi ni ya kitambo tu.*

Hakuna jina la mtunzi. Baada ya wanaume wote hao kuvunja matawi kwa hisani na machozi, hapa tawi lenyewe linaongea. Kwangu mimi hii inawazidi nusu ya wakubwa wa Tang, mnipige mawe.

Na kuna kisa cha Han Hong. Huyu ni mshairi wa Tang, mpenzi wake alikuwa anaitwa Liu, na Liu yake ndo hii hii 柳. Wakatengana, ikaja vita ya 755 ya An Lushan, jemadari aliyeasi, mji mkuu ukatekwa, yule dada mzuri akaogopa akanyoa nywele akajificha kwenye nyumba ya watawa. Jamaa akatuma mtu amtafute, kabeba dhahabu na shairi:

*Mwerebi wa Zhangtai, mwerebi wa Zhangtai! Ule ukijani wa zamani bado upo? Hata kama matawi marefu yanashuka kama kale, haikosi yameshavunjwa na mkono wa mwingine.*

Zhangtai ni mtaa wa Chang'an, na ni mtaa wa aina gani mmeshaelewa. Yaani mtu kapita kwenye vita, kanyolewa, we unamtumia hiyo! Bibie akajibu kwa mizani ile ile:

*Tawi la mwerebi, msimu wa maua. Kinachouma ni kila mwaka kutolewa zawadi ya kuagana. Jani moja limepeperuka, ghafla baridi imetangazwa. Hata ukija, litakuwa la kuvunjwa hilo?*

Mzee_wa_Ubeti

Kamjibu! Hayo ni malumbano kamili. Kachukua fumbo lake kamrudishia usoni. Alimwita tawi, naye anasema ndiyo mimi ni tawi, na nyie kazi yenu kunitoa zawadi.

Bint wa Mkunazini

Wakarudiana?

Mkalimani_Mchovu

Walirudiana, ila kabla yake kamanda mmoja wa kigeni jina lake Shazhali alimbeba kwa nguvu, na askari mmoja jasiri akaenda kumchukua kwa farasi kwa ujanja akamrudisha. Ni kisa kilichoandikwa enzi hizo hizo za Tang, chumvi imo, kila mtu achukue kiasi chake.

Kuna mtu PM ananiambia nimefanya 柳 iwe kilio mwanzo mwisho. Sio hivyo. He Zhizhang ana shairi kila mtoto wa shule China analijua: *sijui nani kayakata majani haya membamba, upepo wa mwezi wa pili ni kama mkasi.* Hakuna kuaga wala nini, ni kushangaa tu. Tao Yuanming aliandika habari za "bwana wa mierebi mitano", mtu asiye na jina, nyumbani kwake kuna mierebi mitano basi akajiita hivyo, anapenda kitabu na pombe na hana hela, na kila mtu anajua ni yeye mwenyewe. Kuna yule jemadari Zhou Yafu, mwaka 158 kabla ya Kristo kambi yake ilikuwa Xiliu, "mierebi myembamba", mfalme akaja kukagua akazuiwa getini mpaka amri itoke ndani, kwa hiyo "kambi ya mierebi myembamba" ni nidhamu ya jeshi. Na Lu You, 1167, anatembea kijijini: *milima juu ya milima maji juu ya maji nikadhani njia imeisha, giza la mierebi, mwanga wa maua, kumbe kijiji kingine.* Hiyo 柳暗花明 siku hizi hata mfanyabiashara aliyekwama na kontena bandarini akipata upenyo anaisema. Nimeisikia kwa masikio yangu Guangzhou, mteja wangu alikuwa kakwama na nguo za watoto.

Ninayempenda kwenye kundi hili ni Liu Zongyuan. Ukoo wake 柳. Kaangukia upande mbaya wa siasa, akatupwa kusini, 815 akapelekwa kutawala mji wa Liuzhou, 柳州, pembeni ya mto Liu, 柳江. Akafanya nini? Akapanda mierebi. Alafu akaandika:

柳州柳刺史，種柳柳江邊。

*Mkuu Mwerebi wa mji wa Mwerebi, kapanda mwerebi kando ya mto Mwerebi.* Herufi kumi, nne ni ile ile. Anaendelea kwamba siku moja watu watasimulia wakicheka, na wakati utageuka uwe kale. Alifia huko huko 819. (Liuzhou ndo mji wa zile tambi za konokono zinazonuka, mliofika China mnazijua. Mimi nakula, sina aibu.)

Daktari_wa_Mizizi

Kwa faida ya wote, asidi ya salisiliki jina limetoka kwenye Salix, yaani mwerebi. Aspirini ni mjukuu wake. Magome yake yalitumika kutuliza maumivu toka zamani.

Kamwana254

Sasa tumepata dawa ya hao wote wanaolia hapo juu

Ngosha_Mtulivu

😂😂 Mleta uzi na ile ya uvimbe, 瘤, umeiacha juu juu

Mkalimani_Mchovu

Nilitaka muulize. Kwenye *Zhuangzi*, kitabu cha kale cha falsafa, sura ya 18, wazee wawili wamesimama kilimani, ghafla 柳 inaota kwenye kiwiko cha kushoto cha mmoja wao. Mwenzie anauliza, umechukia? Anajibu, nichukie nini, uhai ni wa kuazima, uhai ni vumbi na takataka. Wafafanuzi wengi wanasema hapo 柳 imeazimwa kwa ajili ya 瘤, yani kaota uvimbe, mzee ni mgonjwa anakufa. Inaingia akilini. Lakini Wang Wei (yule yule wa kikombe kimoja zaidi) kwenye shairi la jemadari mzee aliyesahauliwa, zamani mishale yake haikukosa hata jicho la ndege, anasema leo *mwerebi unaoning'inia umeota kwenye kiwiko cha kushoto*. Kaweka 垂楊 kabisa, mti, hakuna mlango wa kusingizia uvimbe. Wasomi wengine wanasema Wang Wei alikosea kusoma. Mimi nasema mtu aliyejua miti vile hakosei, aliamua. Mkono uliokuwa unavuta upinde sasa unaota matawi, tena na upinde wenyewe kipimo chake kilikuwa jani la mwerebi, kuna mpiga mishale wa hadithi, Yang Youji, alilipiga jani la mwerebi kwa hatua mia, mara mia bila kukosa. Uvimbe ungekupa hayo?

Mzee_wa_Ubeti

Nakubaliana na wewe kwa Wang Wei, sikubaliani kwa Zhuangzi. Yule mzee akiota mti ni hekaya ya watoto, akiota uvimbe ndipo jibu lake lina uzito.

Mkalimani_Mchovu

Sawa Mzee, hapo tugawane.

Ngosha_Mtulivu

Na yule laoshi wako, ulivyoondoka alikupa tawi?

Mkalimani_Mchovu

Thubutu. Bustanini kuna vibao usivunje miti. Alinipa mfuko wa komamanga, Xi'an ina komamanga nzuri sana kule Lintong, akaniambia nisikubali taksi inizungushe. Nimekuja kukumbuka kwenye ndege kwamba komamanga ni 榴. Sikumuuliza kama alikusudia.

Bint wa Mkunazini

Alikusudia huyo. Mwalimu wa lugha huyo!

Kamwana254

Swali la mwisho kiongozi, hao waliopelekwa jangwani huko magharibi hakuna miti, walikuwa wanavunja nini?

Mkalimani_Mchovu

@Kamwana254 hilo swali lina shairi lake. Wang Zhihuan, aliyefariki 742, kasimama ngomeni mpakani, upande wa lango la Yumen, mwisho wa dunia kwa mtu wa Chang'an. Kuna mtu anapiga filimbi ya Waqiang, watu wa huko magharibi mpakani, wimbo ule ule wa kuvunja mwerebi. Naye anasema:

羌笛何須怨楊柳，春風不度玉門關。

*Filimbi ya Waqiang, ya nini kuulaumu mwerebi? Upepo wa machipuko hauvuki lango la Yumen.* Yaani unalilia tawi la nini, huku mwerebi wenyewe hauchipui, machipuko hayajawahi kufika. Na wengi wanasikia humo manung'uniko, kwamba neema ya mfalme nayo haifiki kwa askari wake.

Likakaa hivyo. Miaka ya 1870 jemadari Zuo Zongtang akapita njia hiyo hiyo na jeshi kwenda Xinjiang, na kila walipopita akaamrisha askari wapande miti kandokando ya barabara, mierebi mingi mno, Gansu bado kuna michache wanaiita mierebi ya Mheshimiwa Zuo. Ofisa mwenzake, Yang Changjun, alivyoiona akaandika (Hunan ni kwao Zuo, Tianshan ni milima ya Xinjiang, li ni kipimo chao cha umbali):

*Jemadari mlinda mpaka bado hajarudi, vijana wa Hunan wamejaa Tianshan. Mierebi mipya imepandwa li elfu tatu, imeuvuta upepo wa machipuko ukavuka lango la Yumen.*

Kamwana254

Wueh. Kumbe alikuwa anamjibu yule wa ngomeni

Mkalimani_Mchovu

Miaka 1,100 na zaidi kupita, ndiyo.